Waliolibeba Gazeti

Leo nakupeleka mbali kidogo, hadi Seattle, mji wa bandari ulio pembe ya kaskazini-magharibi ya Marekani, mji wa mbao, samaki na mvua. Nina habari ya chama cha wafanyakazi wa magazeti wa mji ule. Najua chama cha wafanyakazi kikitajwa redioni kuna mkono unaonyooka kubadili stesheni, mwenyewe akidhani anataka kusomewa risala ya Mei Mosi. Usibadili bado. Humu mna mpigapicha na mhakiki wa tamthilia waliofukuzwa kazi, mna mbabe wa malori ambaye baadaye alifungwa jela, na mna gazeti la tajiri mkubwa lililoshindwa kutoka kwa zaidi ya miezi mitatu.

Nianze na jambo moja la ajabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, ukiingia katika jengo la gazeti kubwa la Marekani ungekuta karibu kila fundi ana chama chake. Wapanga herufi, wale waliopanga mistari ya risasi kabla ya gazeti kwenda mtamboni, chama chao cha kitaifa kilianza mwaka 1852. Waendesha mitambo walikuwa nacho. Madereva walikuwa nacho. Asiyekuwa na chama alikuwa mwandishi wa habari, yule ambaye jina lake ndilo lililosomwa na mji mzima asubuhi.

Wala si kwamba aliishi vizuri. Mara nyingi mpanga herufi aliyeshinda na wino viganjani alikwenda nyumbani na mshahara uliouzidi wa mwandishi, na saa zake za kazi zilijulikana. Mwandishi alifanya kazi siku sita, akikaa hadi moto uzimwe au kesi iamuliwe, na mhariri akimkasirikia Jumatatu, Jumanne hana kazi. Lakini alikuwa na tai shingoni. Alimhoji gavana. Alikuwa na viti vya bure katika jumba la tamthilia. Kumwambia ajiunge na chama pamoja na madereva wa malori ilikuwa kama kumwambia avue koti barabarani. Majivuno hayo yaliwafaa wenye magazeti kuliko polisi yeyote.

Uchumi ulipoanguka, matajiri wa magazeti walipunguza mishahara na kufukuza watu. Mwaka 1933 serikali ya Rais Franklin Roosevelt ikataka kila sekta iandike kanuni zake za saa za kazi na kima cha chini cha mshahara. Wenye magazeti wakaandika zao, na ndani yake wakapenyeza hoja kwamba waandishi wa habari ni wanataaluma, kwa hiyo kikomo cha saa za kazi kisiwahusu. Tazama ujanja huo. Sifa inatolewa kwa mkono mmoja, saa za ziada zinachukuliwa kwa mkono mwingine. Na wewe mwandishi wa mkoani unayenisikiliza sasa, unayelipwa kwa habari moja moja, nauli juu yako, kisha unalaumiwa kwa kupokea bahasha ya mwenye semina, huhitaji mimi nikueleze sifa ya namna hiyo inanunua nini dukani.

Aliyewaamsha alikuwa mtu mnene, mavazi shaghalabaghala, jina lake Heywood Broun, mwandishi wa safu katika gazeti la New York World-Telegram. Yeye mwenyewe hakuwa na njaa. Alikuwa miongoni mwa waandishi waliolipwa vizuri sana nchini. Agosti 1933 aliandika katika safu yake kwamba waandishi wanahitaji chama na kwamba yuko tayari kusaidia kukianzisha. Mwezi huohuo waandishi wa Cleveland, jimbo la Ohio, wakaunda tawi lao. Desemba, wajumbe kutoka miji mbalimbali walikutana Washington wakaunda American Newspaper Guild, Broun akiwa rais, cheo alichokishika mpaka alipofariki Desemba 1939.

Jina hilo la Guild lilichaguliwa na watu ambao bado walikuwa wanaona haya. Lilikuwa na harufu ya mafundi wa kale wa Ulaya, si ya wagomaji. Miaka ya kwanza walibishana sana iwapo wao ni chama cha wafanyakazi au jumuiya ya kitaaluma ya kunywa chai na kujadili maadili. Waliowamalizia mjadala ni waajiri wao, kwa kuwafukuza. Julai 1935 Roosevelt alitia saini sheria ya mahusiano kazini, iliyomzuia mwajiri kumfukuza mtu kwa sababu ya chama. Oktoba mwaka huohuo, shirika la habari la Associated Press likamwachisha kazi Morris Watson, mmoja wa viongozi wa Guild pale New York. Kesi yake ikaanza safari ya kwenda Mahakama ya Juu ya Marekani. Wakati inasafiri, Seattle ikawaka.

Seattle haukuwa mji wa kawaida katika mambo haya. Februari 1919 wafanyakazi wapatao 65,000 waliusimamisha mji mzima kwa siku kadhaa, wakianzia kwa mafundi wa meli, wakapika chakula katika majiko ya pamoja na kupanga wenyewe maziwa yafike kwa watoto. Baraza la vyama vya wafanyakazi la mji lilikuwa na gazeti lake la kila siku, Seattle Union Record, ambamo Anna Louise Strong aliandika tahariri iliyotikisa nchi kwa kutangaza kwamba wanaelekea mahali ambako hakuna ajuaye. Gazeti hilo lilikufa mwaka 1928, lakini mazoea hayakufa. Mtu wa Seattle alijua maana ya kufika mlangoni akakuta wenzake wamesimama.

Gazeti letu la leo ni Seattle Post-Intelligencer, wenyeji wakiliita P-I tu. Tangu 1921 lilikuwa mali ya William Randolph Hearst, mwenye magazeti pwani hadi pwani na kasri huko California. Hearst aliichukia Guild waziwazi. Katika majira ya joto ya 1936 tawi la Seattle lilikuwa changa, watu wachache, wengine wakikutana kwa kificho. Ndipo walipoachishwa kazi watu wawili: Frank Lynch, mpigapicha aliyeitwa Slim, mwenye miaka 15 kazini, na Everhardt Armstrong, mhakiki wa tamthilia na muziki, mwenye miaka 17. Mmoja aliambiwa hana ufanisi, mwingine kwamba ni mkaidi. Wote wawili walikuwa wanachama wa Guild. Ufanisi unaokosekana ghafla baada ya miaka 15, na mara baada ya mtu kujiunga na chama, ni ugonjwa unaojulikana katika ofisi nyingi duniani.

Tarehe 13 Agosti 1936 wanachama wa Guild walitoka. Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana habari hii kwa kawaida husimuliwa kama ushujaa wa waandishi, na mimi naona haikuwa hivyo. Waliotoka walikuwa watu 30 na kitu. Wapigapicha, waandishi wa michezo, wahariri wasaidizi. Mwandishi mmoja akigoma, nafasi yake inajazwa jioni hiyohiyo. Habari za mashirika ziko mezani, zinajaza kurasa zenyewe. Wangeachwa peke yao, Hearst angetoa gazeti kesho yake na msomaji asingetambua kitu, labda picha zingepungua uzuri.

Hawakuachwa peke yao. Baraza la vyama la mji liliitangaza P-I kuwa mwajiri asiyetenda haki, na kuanzia hapo mwanachama wa chama chochote alijua afanye nini. Pale mlangoni hawakusimama waandishi 30. Walisimama mamia ya watu, na wengi hawakuwa na uhusiano wowote na gazeti: madereva wa malori, makuli wa bandarini, mabaharia, wakata magogo wenye mabega kama milango. Wapanga herufi na waendesha mitambo, waliokuwa na mikataba yao na hawakuwa kwenye mgomo, walifika zamu ya usiku, wakautazama ule umati, wakasema hatuwezi kupita hapa kwa usalama. Wakarudi makwao. Mtambo ukakaa kimya na P-I halikutoka. Halikutoka kesho yake wala mwezi uliofuata, hadi mwishoni mwa Novemba.

Na hao waliosimama bega kwa bega mlangoni walikuwa mahasimu. Makuli walikuwa wafuasi wa Harry Bridges, mtu wa mrengo wa kushoto aliyeongoza mgomo mkubwa wa bandari za Pasifiki mwaka 1934. Malori yalikuwa ya Dave Beck, na Beck alimchukia Bridges kuliko alivyomchukia tajiri yeyote.

Huyo Beck lazima nimweleze. Alikuwa kijana wa Seattle aliyeanza kwa kuendesha gari la dobi, akapanda mpaka akawa mtu ambaye bila ruhusa yake mkate haukufika dukani. Meya John Dore alisema hadharani kwamba Beck ndiye anayeuendesha mji, na kwamba ni heri iwe hivyo. Watu wa Beck walikuwa na sifa ya kutumia ngumi. Miaka ya 1950 aliongoza chama cha madereva cha taifa zima, kisha akatiwa hatiani kwa makosa ya kodi na kupelekwa jela. Je, aliwasaidia waandishi kwa kupenda uhuru wa habari? Sidhani. Aliona nafasi ya kumwonyesha Hearst, na kila mwenye duka, nani ana ufunguo wa mji. Waandishi wa P-I waliokolewa na mtu ambaye siku nyingine, wakiwa kazini, wangekuwa wanamchunguza. Historia za vyama huandikwa kwa hotuba na picha za mashujaa, na Beck huwa anasukumwa nyuma ya pazia. Mimi namweka mbele. Bila malori yake chama kile cha waandishi kingekufa kikiwa kichanga, na baadhi ya wanachama wake walilijua hilo na liliwakera.

Gazeti pinzani, Seattle Times, lilimshambulia Beck na wagomaji kila kukicha, likilia kwamba uhuru wa vyombo vya habari umenyongwa na majambazi. Wagomaji nao hawakukaa bure. Walitoa gazeti lao, Guild Daily. Sijui adhabu nzuri zaidi kwa mwenye gazeti kuliko kusoma maovu yake yakiwa yameandikwa vizuri, na watu aliowafunza mwenyewe.

Novemba Hearst alikubali kukaa mezani, na Guild ikatambuliwa. Kisha akafanya jambo la kiujanja sana: akamleta mkurugenzi mpya wa gazeti, John Boettiger, ambaye mkewe Anna alikuwa binti wa Rais Roosevelt. Anna mwenyewe akapewa kurasa za wanawake. Gazeti lililokuwa likimrarua Roosevelt kila siku likawa linaendeshwa na mkwewe. Hearst alikuwa mfanyabiashara. Roosevelt alikuwa ameshinda uchaguzi mwezi uleule kwa kishindo.

Miezi michache baadaye, tarehe 12 Aprili 1937, Mahakama ya Juu ikatoa hukumu ya Morris Watson. Associated Press ilikuwa imedai kwamba sheria ya vyama inavunja uhuru wa vyombo vya habari, kwani mwandishi mwenye chama hawezi kuandika bila upendeleo. Majaji watano dhidi ya wanne waliikataa hoja hiyo: biashara ya habari haina kinga dhidi ya sheria zinazombana kila mwajiri. Mwaka huohuo Guild ilifungua milango kwa makarani, watu wa matangazo na wa usambazaji. Ule ubishi wa tai ulikwisha.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka, kwa sababu ilikuwa mizuri, na miaka mizuri ya chama haina mengi ya kusimulia. Mikataba ya hali bora ikajadiliwa, ikasainiwa, ikajadiliwa tena. Likizo, malipo ya ugonjwa, ngazi za mishahara, utaratibu wa kusikilizwa kabla hujafukuzwa. Watu walinunua nyumba.

Ila kuna jambo moja la mwaka 1947 lisilotakiwa kupitwa. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya Taft-Hartley, na mojawapo ya vitu ilivyopiga marufuku ni chama kuwashawishi wafanyakazi wa mwajiri mwingine wagome au wasusie ili kumbana mwajiri ambaye wao hawana ugomvi naye. Yaani mshikamano wa vyama, jamaa wa ule uliofanyika mbele ya mlango wa P-I. Tayari mwaka 1938 Mahakama ya Juu ilikuwa imeruhusu mwajiri aliyegomewa kwa madai ya mishahara aajiri watu wengine na abaki nao. Kwa hiyo chama kilibaki na jina lake, ofisi yake na haki ya kujadiliana, lakini msaada wa namna ya ule umati wa makuli na wakata magogo ukabanwa na sheria. Wengi hawakulitambua pengo hilo kwa miaka 50, kwa sababu hawakuwa wameuhitaji umati ule.

Waliuhitaji Novemba 2000. Kufikia hapo P-I na Seattle Times, mahasimu wa zamani, walikuwa chini ya mkataba wa pamoja tangu 1983: kila moja na chumba chake cha habari, lakini uchapaji, matangazo na usambazaji vyote mikononi mwa Times. Tarehe 21 Novemba, siku mbili kabla ya sikukuu ya Shukrani, msimu wa matangazo mengi kuliko yote, wanachama wa Guild wa magazeti yote mawili walitoka wakidai mishahara na marupurupu. Walikuwa wengi mno kuliko wale wa 1936, karibu watu 1,000. Walikuwa na uzoefu, na walikuwa na intaneti, ambako walifufua jina la Seattle Union Record kwa gazeti lao la mgomo.

Magazeti yakatoka kesho yake. Yalikuwa membamba, mameneja wakiandika na watu wa kuziba nafasi wakiajiriwa, lakini yalitoka kila siku. Mgomo ulichukua siku 49. Na hapa kuna kichekesho cha historia: kampuni ya Hearst ndiyo iliyokuwa laini safari hii, watu wa P-I wakamaliza mgomo mwishoni mwa Desemba, wakati wa Times, gazeti la familia ya wenyeji, waliendelea kuvutana juu ya nani arudishwe na lini mpaka Januari. Walichokipata hakikuwa mbali sana na walichokuwa wameahidiwa kabla ya kutoka.

Kuna waliowalaumu viongozi kwa kuchagua siku mbaya, au kwa kiburi. Mimi naona siku ilikuwa nzuri, hesabu yao ndiyo iliyokosewa: walihesabu wanachama. Mwaka 1936 nguvu haikuwa katika idadi ya waandishi, ilikuwa katika uwezo wa mtu asiye mwandishi kuamua kwamba karatasi haitatoka nje ya jengo. Na karatasi yenyewe ilikuwa imeanza kuyeyuka. Tarehe 17 Machi 2009 P-I lilichapwa kwa mara ya mwisho, likabaki mtandaoni na waandishi wapatao 20 kati ya zaidi ya 150.

Nimalizie kwa mji mwingine, Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, kwa kuwa huko ndiko mambo yalikogeuka juu chini kabisa. Oktoba 2022, katika gazeti la Pittsburgh Post-Gazette, waliotangulia kutoka walikuwa watu wa mitambo, wa matangazo na madereva, ugomvi ukiwa bima ya afya. Waandishi walipiga kura kuwafuata, na kura zilikuwa 38 kwa 36. Tofauti ya kura mbili tu, na baadhi ya walioshindwa walibaki mezani wakiendelea kuandika. Gazeti wakati huo lilikuwa likichapwa siku mbili tu kwa wiki. Siku nyingine zote lilisomwa kwenye simu. Madereva walisimama nje zaidi ya mwaka, wakizuia malori ambayo kampuni haikuyahitaji sana tena. Aprili 2024 wakakubali malipo ya kuondoka, na kitengo chao kikavunjwa. Waandishi wakabaki kwenye mgomo, na gazeti lao la mtandaoni na mawakili wao, mpaka Novemba 2025 mahakama ya rufaa ilipoiamuru kampuni irudishe masharti ya mkataba wa zamani. Wakarudi kazini mwezi huohuo, katika gazeti ambalo halikuwa tena na dereva hata mmoja mwenye chama.